Wa Tano, Bila Muda

Gasant Jappie alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mkazi wa Athlone, Cape Town. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akishindana kwenye mbio za pikipiki za watu wa makamo bila kupanda jukwaani hata siku moja. Nafasi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya sita, na hiyo aliipata siku mvua iliponyesha na nusu ya wenzake wakaogopa kutoka. Hakuona haya. Jumatatu hadi Ijumaa alishinda ndani ya mashimo meusi ya lifti, akikagua nyaya na roda kwa mwanga wa tochi. Mwisho wa mwezi ukifika alitaka kitu kimoja tu: barabara iliyo wazi mbele yake, na mkono wake wa kulia kwenye kishikio cha mafuta.

Mwaka huo mambo yalivurugika. Wenzake wa rika lake walipungua mmoja mmoja. Huyu mgongo, yule mke kamkataza, wa tatu kauza pikipiki akanunua mashua. Walipobaki watano, chama cha pikipiki kikafuta mbio zao. Barua ikasema anayetaka kuendelea akashindane na watu wa mashariki, mjini Gqeberha, mwezi wa nane. Hiyo ni zaidi ya kilomita mia saba, kwenye uwanja ambao Gasant hajawahi kuutia machoni.

"Nenda," mkewe alimwambia kwenye simu. "Utakaa hapo nyumbani ufanye nini? Mtazamane na paka?"

"Na ubao wa namba atanishikia nani?"

"Gasant, wewe mtu mzima. Nenda."

Mkewe, Rugaya, alikuwa Auckland tangu Februari. Binti yao Zaakirah alikuwa amejifungua huko, na tikiti ya mama yake ya kurudi ilikuwa ya mwezi wa tano. Mwezi wa tano ukaja, mtoto akawa na homa. Mwezi wa sita Zaakirah akarudi kazini, mlezi hajapatikana. Sasa ikawa mpaka mtoto atambae. Kila Rugaya alipopiga simu kusema anaongeza siku, Gasant alijibu vilevile: "Kaa tu, wanakuhitaji." Aliliona kuwa jibu la mume mwema. Kisha alikata simu, akakaa jikoni na taa moja.

Kwa miaka yote kumi na minne Rugaya ndiye aliyesimama ukutani, kando ya mstari wa kumalizia, na ubao wa namba mkononi: nafasi yako hii, muda wako huu. Alikuwa hapendi pikipiki hata kidogo. Lakini mbio zikiisha alikalia boksi la barafu, akamenya chenza, na Gasant, jasho likimtiririka, alimsimulia raundi moja baada ya nyingine, kona kwa kona. Rugaya aliitikia "ehe, ehe," akitema mbegu.

Basi Ijumaa alfajiri Gasant alifunga pikipiki kwenye trela, akaweka nyuma ya pikapu mkebe wa akhni, ule wali wa nyama ambao dada yake alimpikia na kuugandisha, akashika njia. Alifika Gqeberha alasiri. Upepo ulikuwa ukivuma kama una ugomvi na mtu. Eneo la kuegesha lilikwisha jaa mahema na magari, watu wanaitana kwa majina, wanapigana mabega. Gasant alipata nafasi pembeni, karibu na uzio.

Kushusha pikipiki kutoka kwenye trela ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine anazuia nyuma. Gasant alitazama kushoto na kulia, akaona aibu kuita, akaanza peke yake. Nusu ya ubao wa kushushia gurudumu la mbele likateleza. Pikipiki ikaanza kumlalia kifuani, naye amenasa kati yake na trela, hana pa kwenda.

"Eeh, eeh, eeh! Mjomba! Ngoja!"

Mtu mmoja mkubwa, mwekundu wa shingo, alikuja mbio na kikombe cha kahawa mkononi. Kwa mkono wa pili aliishika pikipiki kwenye kiti kama anayemshika ndama, akaishusha. Hata kahawa haikumwagika.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Kutoka wapi?"

"Cape Town."

"Peke yako kutoka Cape Town!" Akageuka akapaza sauti kwa lugha ya kwao, Kiafrikana, ambayo Gasant naye kazaliwa nayo: "Hester! Huyu mjomba katoka Cape Town peke yake!" Kisha akampa mkono. "Lourens. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa, Humansdorp. Sisi ndio majirani zako, utatusamehe kelele."

Kelele zilikuwepo. Lourens alikuja na mke, watoto watatu, shemeji wawili, na mama mkwe, yule Hester, bibi wa miaka sabini na ushee aliyevaa koti la mwanamume na kutawala hema zima kutoka kwenye kiti cha kukunja. Soseji zilikwisha wekwa motoni. Bibi akamwita Gasant ale.

"Ahsante shangazi, nimekula," Gasant akasema. Hakuwa amekula. Lakini nyama ile hakujua imechinjwa vipi, na hakutaka kuanza kueleza dini yake kwa watu aliowajua kwa dakika tano.

Kabla jua halijazama aliuzunguka uwanja kwa miguu. Alijihesabia kona, akapiga magoti penye nyufa, akagusa lami. Kona moja ilimtia wasiwasi. Barabara ilipanda kilima kidogo, na kileleni ikapotea kabisa. Ukisimama chini yake uliona anga tu. Ukifika juu ndipo unagundua kwamba imekata kushoto na kuteremka. Alisimama pale muda mrefu, upepo ukimpiga masikioni. "Hapa," alijisemea, "mtu anaingia hajui anatokea wapi."

Jumamosi asubuhi saa moja alimpigia Rugaya; kule ilikuwa jioni, saa kumi na moja.

"Umelala vizuri?"

"Kwenye pikapu. Vizuri."

"Umevaa ile fulana ya ndani ya sufu?"

"Nimevaa. Rugaya, kuna kona huku—"

"Subiri. Zaakirah, mshike, anavuta waya! Ehe, Gasant, unasemaje?"

"Nasema kuna kona."

"Zipo kila mahali, baba. Jihadhari tu. Ngoja nimwogeshe huyu, maji yanapoa."

Mazoezi ya asubuhi yalikuwa ya kuvunja moyo. Kila alipokaribia kile kilima mkono wake wa kulia ulikamata breki wenyewe, kabla hajauamuru. Wengine walimpita pale kushoto na kulia kama nyuki wanaopita jiwe. Tena hakujua anaendesha kwa kasi gani. Kila alipopita mstari aligeuza macho ukutani kwa mazoea, akaona ubao wa watu wengine: LOU, DIRK, MZI. Wake haukuwepo.

Mchana, mbio za kupanga nafasi za kuanzia zilipokwisha, karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa choo. Gasant alianza kutafuta jina lake katikati, akashuka, akashuka, akafika chini. Wa kumi na nne kati ya kumi na wanne. Aliyemtangulia alimwacha kwa sekunde tatu nzima. Watu waliokuja kusoma walimwomba radhi, wakanyoosha shingo juu ya bega lake, wakafurahi au wakalaani, wakaondoka. Yeye alibaki palepale, kama aliyesahau alikotaka kwenda.

Jioni alipasha akhni kwenye jiko dogo la gesi, akaswali kando ya pikapu, mkeka ukiwa umewekewa spana mbili pembeni upepo usiuchukue. Kisha akakaa juu ya boksi la barafu. Kwa jirani walikuwa wanacheka kitu fulani, wanaanza kunyamaza, halafu mmoja anakumbuka tena na wote wanaanza upya. Gasant alisema kwa sauti, "Ile kona ya kilimani, shida yake ni kwamba..." Alisikia sauti yake mwenyewe. Akanyamaza, akaangalia kama kuna aliyemsikia.

Lourens alikuwa amemsikia. Alikuja na kiti chake, akakaa bila kukaribishwa.

"Shida yake ni kwamba unaitazama," akasema. "Ukitazama barabara pale kabla ya kilele utashika breki tu, maana huoni kitu. Umeliona tangi la maji? Lile jeupe, nyuma ya uzio. Lenga tangi. Acha breki. Barabara utaikuta chini ya matairi."

"Na nisipoikuta?"

"Basi utakutana na tangi." Lourens akacheka peke yake. "Miaka tisa napita hapo. Ipo."

"Mbona unaniambia? Kesho tunashindana."

"Kwa sababu uko wa mwisho, mjomba. Ungekuwa wa saba nisingefungua mdomo."

Gasant naye akacheka, mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. Lakini Lourens aliitwa na mwanawe, akainuka na kiti chake, na pale alipokuwa amekaa pakabaki alama nne kwenye changarawe.

Jumapili alfajiri bibi Hester alibisha kioo cha pikapu kwa pete yake. Mkononi ana sahani yenye mayai manne ya kuchemsha, nyanya na mkate wa kukaushwa.

"Mkwe wangu hana akili, amekaa na wewe jana asione mkeka," akasema. "Mimi nimekulia Kimberley, jirani zetu walikuwa watu wa dini yako. Soseji najua huwezi. Lakini yai halina dini. Au nalo lina?"

"Halina, shangazi."

"Basi kula. Umekuwa na uso wa mtu aliyefiwa." Akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Mbio za kwanza alizianza wa mwisho. Kwenye mstari wa kuanzia kila mpanda pikipiki alikuwa na mtu wake: anayemshikia mwavuli, anayevua blanketi za umeme za kupashia tairi dakika ya mwisho, anayempiga kibao cha mgongo. Gasant aliiegemeza pikipiki kwenye mguu wake na kutazama kioo cha kofia yake. Tairi zake zilikuwa baridi, na raundi ya kwanza aliiendesha kama anayetembea juu ya mayai ya bibi Hester. Lakini raundi ya pili, alipopanda kile kilima, aliinua macho akalitafuta tangi. Lilikuwa dogo sana, jeupe, nyuma ya uzio. Vidole vikataka breki. Akavikatalia. Anga ikajaa kioo chote, na ghafla barabara ikawa chini yake, kushoto, inateremka, kama alivyoahidiwa.

Alipiga kelele ndani ya kofia. Alimaliza wa kumi.

Mbio za pili zilikuwa saa nane mchana, raundi kumi, na upepo ulikuwa umetulia. Wawili walianguka kona ya kwanza, wakainuka salama huku wanatupiana mikono. Gasant aliwakwepa kwa ndani, akajikuta wa nane. Alipofika kilimani hakuwa tena na hofu, alikuwa na hamu. Raundi ya nne alimpita mmoja mwisho wa barabara iliyonyooka. Raundi ya sita pikipiki ya mtu ikatoa moshi, ikajitenga kando. Akabaki nyuma ya mgongo mmoja mpana aliokwisha kuufahamu. Alikuwa Lourens.

Raundi tatu alimfuata bila kupata njia. Lourens alikuwa anapanua kila kona, anajaza barabara kama ng'ombe wake wanavyojaza lango. Sehemu moja tu alilegeza. Kabla ya kilele, pamoja na tangi lake na miaka yake tisa, aliachia mafuta kidogo, kama mtu anayekonyeza jicho. Gasant aliona raundi ya saba. Akahakikisha raundi ya nane. Raundi ya tisa yeye hakuachia. Alilenga tangi, akapita upande wa kulia, karibu na majani, magoti ya watu wawili yakiwa na nafasi ya kiganja kati yao, na wakapotea kileleni pamoja. Walipotokea chini, Gasant alikuwa mbele.

Raundi ya mwisho hakuikumbuka. Alikumbuka tu bendera, na kwamba alisahau kuwapungia mkono wasimamizi wa kona.

Alirudi kwenye pikapu yake. Akazima injini. Akavua kofia, akageuka.

Hapakuwa na mtu. Boksi la barafu lilikuwa pale, na mkebe wa akhni juu yake. Kwa jirani watoto walikuwa wamemrukia baba yao, wanamwuliza mbona amekubali kupitwa. Gasant alisimama na kofia mkononi, na yale maneno yote, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yalikuwa yamepanga foleni kooni. Alitoa simu. Saa tisa kasorobo. Kule ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Rugaya amelala, na mtoto pengine kalala mkononi mwake. Akairudisha mfukoni.

Alikwenda kusoma karatasi, angalau aone namba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano: Lourens. Alishuka na kidole mpaka chini kabisa. Namba 71, G. Jappie: hakumaliza.

Alipanda ngazi za mnara wa waamuzi mbili mbili, bado kavaa suti ya ngozi. Chumba cha kupimia muda kilikuwa na mashine mbili na mwanamke mmoja, Mama Nolitha Mjekula, mwalimu mstaafu mwenye miwani juu ya paji.

"Mimi ndiye sabini na moja," Gasant akasema. "Nimemaliza! Nimemaliza wa tano!"

"Pumua kwanza, kaka. Kaa." Aligeuza kioo cha mashine. "Kile kidude chako cha kurekodi muda, kilichofungwa chini ya pikipiki, kimezimika raundi ya tatu. Ulikichaji lini?"

Kidude kile kilichajiwa kila Jumamosi jioni. Gasant hakuwahi kujiuliza kinachajiwa na nani. Kwa miaka kumi na minne alikikuta asubuhi kikiwa na taa ya kijani.

"Sikukichaji," akasema.

"Basi mashine haikujui." Mama Nolitha alishusha miwani, akavuta daftari kubwa lenye mistari. "Lakini mimi siamini mashine. Naandika kwa mkono kila raundi, kila anayepita." Akapitisha kalamu. "Raundi ya nane: sabini na moja wa sita. Raundi ya tisa: wa tano. Ya kumi: wa tano. Umemaliza, kaka. Nitawarekebishia."

"Na muda wangu?"

"Muda sina. Nina mpangilio tu."

"Mama, uliona nilivyompita? Pale kilimani, kwa nje?"

Mama Nolitha alitazama dirishani. Kutoka pale ilionekana barabara iliyonyooka, na kona mbili, na ukuta.

"Kilimani hapaonekani kutoka huku," akasema kwa upole. "Nimeona tu mmeondoka yeye mbele, mmerudi wewe mbele. Nikajua huko nyuma kuna kitu kimefanyika."

Aliposhuka, Lourens alikuwa anakunja hema. "Wewe!" akanguruma. "Kwa nje! Kule kwenye majani! Nilidhani umekufa, nikaanza kumhurumia mkeo." Akamkumbatia mpaka ngozi za suti zikalia. Gasant alitaka kumwuliza mengi, alionekanaje, alimsikia wakati gani, lakini ng'ombe hawasubiri kukamuliwa. Watoto walikuwa tayari wamefungwa mikanda, na mke anapiga honi. Bibi Hester alimpungia mkono kutoka kiti cha mbele. Baada ya saa moja eneo zima lilikuwa tupu, na karatasi zinazungushwa na upepo uliorudi.

Pikipiki aliipandisha kwenye trela peke yake, taratibu, akipumzika kila hatua.

Saa mbili usiku alikuwa kituo cha mafuta karibu na Storms River, chai mkononi, simu ilipolia. Kule kulikuwa karibu kupambazuka.

"Umeumia?" lilikuwa neno la kwanza la Rugaya.

"Sijaumia."

"Alhamdulillahi. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tano."

"Wa tano kutoka nyuma?"

"Kutoka mbele, Rugaya."

"Gasant! Wa tano! Na muda?"

"Hakuna muda. Kile kidude kilizimika. Sikukichaji. Sikujua kama ni wewe uliyekuwa ukikichaji."

Alimsikia anacheka, kisha anaacha kucheka. "Haya, niambie. Raundi ya kwanza."

Alifungua mdomo aanze, maana alikuwa na yote, kona kwa kona. Badala yake yakamtoka mengine.

"Rudi nyumbani," akasema. "Nakwambia kaa, kaa, wanakuhitaji. Ni uongo. Siyo kwamba hawakuhitaji. Lakini mimi narudi ile nyumba kila jioni, nawasha taa ya jikoni tu. Vyumba vingine siingii. Rudi, Rugaya."

Lori liliingia kituoni, likazima injini. Upande wa pili mtoto alikuwa analalamika kwa sauti ya usingizi.

"Miezi sita," Rugaya akasema taratibu, "hujaniambia neno hilo."

"Najua."

"Nilidhani umepumzika. Nilidhani unafurahia nyumba kimya."

"Hapana."

Rugaya alimbembeleza mtoto kwanza. "Nitazungumza na Zaakirah. Leo, akitoka kazini."

Gasant aliyajua maneno hayo. Kwa Rugaya yaliweza kuwa ndiyo, na yaliweza kuwa bado kidogo, na mtu hajui mpaka siku yenyewe. Hakumbana. Mtoto akaanza kulia kweli, wakaagana. Alimaliza chai iliyokwisha poa, akakagua kamba za trela moja moja kwa mkono, akaingia barabarani kuelekea magharibi, kilomita mia sita hivi zikiwa zimebaki.